Kura ya Mama si Kura ya Nyumba

Wako watu katika wilaya za Ngara na Biharamulo, tena watu wazima wenye heshima zao, ambao hata leo wakihesabu kura huhesabu nyumba. Utamsikia mmoja wao barazani, au nje ya kanisa baada ya ibada, akimwambia mgombea, "Kwangu mna kura nne." Maana yake ni yeye mwenyewe, mkewe, mama yake mzee, na binti aliyetimiza miaka 18 mwaka huo huo. Mgombea hufurahi, humshika mkono kwa mikono miwili, akaandika nne katika daftari lake. Siku ya kuhesabu ikifika, sandukuni hazimo nne. Imo moja, pengine mbili. Ndipo maneno huanza: mara karani kaiba, mara wakala wa chama kalala, mara jirani ana dawa. Sisi twasema hapana mwizi hapo wala mchawi. Waliopiga kura walikuwa wanne, na kila mmoja wao aliingia peke yake katika kituturi.

Jambo hili twapenda kulinena leo kwa urefu kidogo, maana wengi wa wanachama na wafanyakazi wasomao ukurasa huu hulichukua kuwa mzaha. Wakikutana huulizana, "Umempa mama watoto ruhusa ampigie nani?" kisha wakacheka. Sisi hatucheki. Kura ni kitu kimoja tu ambacho dola humpa mtu bila kumwuliza baba yake ni nani, wala mumewe ni nani, wala shamba lake li wapi. Katika nchi ambayo karibu vitu vingine vyote mwanamke huvipata kwa kupitia kwa mwanamume, kitu hicho kimoja si kidogo.

Bugufi na Bushubi, ambazo leo twaziita Ngara, pamoja na Rusubi na nchi ya Wazinza katika Biharamulo, ni nchi za watu washikao mila. Ukoo huhesabiwa kwa baba. Shamba la migomba na mibuni ni la ukoo, na binti aolewaye huhesabiwa kuwa mpita njia. Mwanamke mwenye adabu, kwa mafundisho ya wazee, hainui sauti mbele ya mkwewe. Baraza likikaa, yeye hukaa mkekani pembeni, akasikiliza. Hatusemi haya kwa dharau. Wengi wetu tulilelewa hivyo hivyo, na shule ya misheni iliyotutoa ujingani haikutufundisha tofauti kubwa: wavulana tulipewa hesabu na useremala, na dada zetu walipewa sindano na uzi.

Lakini mila hizo zilikuwa na upande wa pili ambao haukusemwa. Tangu zamani za Waingereza wanaume wa Bugufi walishika njia ya Buganda kutafuta fedha ya kodi, wakalima pamba na kahawa ya watu wengine, na wengine waliandikishwa kwenda mashamba ya katani. Waliorudi baada ya msimu walikuwapo, waliorudi baada ya miaka walikuwapo, na wapo ambao wajukuu zao leo ni Waganda. Je, nyumbani alibaki nani? Nani aliyeamua mbegu ipandwe lini, mbuzi auzwe au asiuzwe, mtoto mgonjwa apelekwe hospitali au kwa mganga? Aliyeamua ni yule yule wa mkekani. Miaka na miaka aliitawala nyumba bila cheo, na mumewe aliporudi na baiskeli na blanketi alimkabidhi utawala huo kimya kimya, kana kwamba hakuwa ameushika. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kuamua. Ilibaki tu apatikane mtu wa kumwuliza.

Ilichukua muda kumwuliza, hata katika vyama vyetu wenyewe. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 viongozi wake walikuwa wanaume. Mwaka 1955 alikuja Dar es Salaam Bwana John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza swali jepesi: je, sehemu ya wanawake katika chama chenu iko wapi? Jibu halikuwapo, na aibu ile ikafanya kazi njema. Akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji aliyejulikana katika vikundi vya ngoma vya mjini, na katika miezi michache akaingiza chamani wanawake wapatao 5,000. Wenye elimu ya darasa la nane walikuwa bado wanaogopa kupoteza kazi za serikali. Wauza maandazi na vitumbua hawakuwa na kazi ya kupoteza, wakaununua uanachama kwa fedha za maandazi.

Hata hivyo uchaguzi wa kwanza, ule wa 1958 na 1959, haukuwa wao. Mpiga kura alitakiwa awe na miaka 21, na juu ya hayo awe na elimu ya darasa la nane, au pato la paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe ameshika cheo fulani. Sheria haikumtaja mwanamke wala haikumkataza. Lakini mwulize mzee yeyote wa Rulenge au Nyakahura ni mama yupi katika kijiji chake aliyekuwa na shilingi 3,000 mwaka ule! Mkoloni alijua kufunga mlango bila kuandika neno "marufuku" juu yake. Ajabu ni kwamba kura tatu zile, ambazo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ziliwaingiza wanawake katika Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wao Bibi Sophia Mustafa. Na kutoka huku kwetu, mwalimu wa shule ya wasichana ya Kashasha katika Buhaya, Bibi Barbro Johansson, mzaliwa wa Sweden, naye aliingia Bungeni kwa upande wa TANU.

Uhuru ulipokuja, vikwazo vya fedha na elimu vilifutwa. Mwaka 1965 kila raia wa miaka 21, mume au mke, aliweza kupiga kura, na asiyejua kusoma aliwekewa alama mbili za kuchagua: jembe na nyumba. Tukumbuke jambo hili tunapojidharau. Uswisi, nchi ya saa na ya mabenki, iliwakubalia wanawake wake kura ya taifa mwaka 1971. Unguja na Pemba mwaka 1957 walipiga kura wanaume tu. Wanawake waliingia katika uchaguzi wa 1961, na tangu siku hiyo hakuna chama kilichothubutu kuwapuuza. Bibi wa Bugufi asiyejua kuandika jina lake alichagua kati ya jembe na nyumba miaka sita kabla ya bibi wa Zurich kuulizwa mambo ya taifa lake.

Lakini mwaka huo huo wa 1965 Bibi Titi mwenyewe, mama wa chama, alishindwa Rufiji. Hadi leo tukio lile hutumiwa na wanaume kuwa ushahidi. "Mmeona?" husema. "Wanawake hawapendani. Hata wao hawamtaki mwanamke." Hoja hii twaisikia Biharamulo kila baada ya miaka mitano, nasi twaomba tuiulize swali moja. Katika kila uchaguzi wanaume huwaangusha wanaume wenzao kwa mamia, hutukanana majukwaani na hupelekana mahakamani. Je, ni nani aliyepata kusema kwamba wanaume hawapendani na kwa hiyo wasigombee? Mwanamke akimnyima kura mwanamke mwenzake amefanya vile vile afanyavyo mpiga kura yeyote mwenye akili: ametazama mtu. Anayetaka wanawake wapige kura kama kundi la ng'ombe anataka kuwa mchungaji wao.

Kilichobadilika katika wilaya hizi mbili si tabia ya mwanamke. Limebadilika swali linaloulizwa mkutanoni, na twadhani mabadiliko hayo yalianzia mahali ambapo hakuna aliyeyatazamia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni ya barabara tu, pakawa ghafla kama mji mkubwa wa mahema. Miti ikakatwa hata vilima vikabaki vitupu. Kabla ya siku hizo kuni lilikuwa neno la jikoni. Hakuna diwani aliyepata kusimama akahutubia juu ya kuni. Baada ya siku hizo kuni, maji, na usalama wa njia ya kwenda kisimani yakawa mambo ya serikali, ya wakuu wa wilaya na ya wageni wa Umoja wa Mataifa wenye magari meupe. Mwaka uliofuata, 1995, ndio uliokuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi mwaka 1992. Mgombea aliyekuja na hotuba ya ukoo wake na babu zake alikuta akina mama wana habari nyingine.

Ngara ni nchi ya milima: nyumba ziko migongoni mwa vilima na chemchemi ziko bondeni. Mwanamume aweza kumaliza mwaka mzima bila kushuka bondeni. Mwanamke hushuka kila siku, hupanda na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu mwanamume husahau ahadi ya bomba kabla ya Krismasi, na mwanamke huikumbuka kila asubuhi kwa miaka mitano. Tumehudhuria mikutano ambayo mgombea alinena nusu saa juu ya uzalendo, na makofi yalikuwa mengi. Kisha mama mmoja akasimama, akauliza pampu ya shule ilikwenda wapi. Hapakuwa na makofi. Lakini tulitazama nyuso za akina mama wengine waliokaa chini, tukajua mgombea yule ana kazi.

Biharamulo imetufundisha hesabu ya jambo hilo. Jimbo la Biharamulo Magharibi mwaka 2005 lilimchagua marehemu Phares Kabuye wa TLP. Alipofariki mwaka 2009 ulifanyika uchaguzi mdogo, na Oscar Mukasa wa CCM akampita Dk. Anthony Mbassa wa CHADEMA kwa tofauti ndogo sana. Mwaka 2010 Dk. Mbassa akashinda, mwaka 2015 akarudi Mukasa. Vyama vitatu katika miaka kumi! Jimbo la namna hiyo halina kura ya kuchezea. Pale ambapo ushindi ni wa kura mia kadhaa, mama wanane wa kikundi cha kuweka na kukopa, wakitoka nyumba nane ambazo waume wao wamekwisha kuahidi "kura nne nne", waweza kuwa miongoni mwa waliomtuma mbunge Dodoma. Wagombea wenye akili walilitambua hili upesi kuliko sisi waandishi. Siku hizi hawaanzi kwa mzee wa ukoo. Huanza kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa kwaya, kwa wauza ndizi wa soko la Rulenge na wauza samaki wakavu wa Nyakanazi.

Na walipoanza kwa akina mama walianza vibaya. Walianza kwa khanga. Hapa yatubidi tuseme wazi, na wanachama wenzetu watusamehe, maana wengine wamo. Ilikuwapo sheria iliyohalalisha kile kilichoitwa takrima, kana kwamba pakiti ya chumvi itolewayo wiki ya uchaguzi ni ukarimu wa Kiafrika. Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006, na vizuri ilifanya. Lakini chumvi haikuisha. Ilihama kutoka jukwaani ikaingia gizani. Anayeipeleka chumvi hiyo humwona mwanamke kuwa kura ya bei nafuu: mwanamume atataka pombe na nauli, mama atatosheka na kilo ya sukari. Twajua wapo waliochukua sukari wakapiga kura walivyotaka, nasi hatuna moyo wa kuwalaumu. Aliyemdharau ndiye aliyempa.

Lipo kosa jingine, nalo ni la nyumbani zaidi. Wapo waume wanaokusanya vitambulisho vya kupigia kura vya wake zao na mama zao, wakavifungia sandukuni pamoja na hati ya baiskeli, eti visipotee. Kitambulisho kile ni cha mwenye jina na picha iliyomo, na kukishika cha mwenzako ili kumzuia ni kosa la sheria, hata kama mwenzako huyo ni mkeo wa ndoa ya kanisani. Mfanyakazi wa Mwanza au wa mgodini, ambaye mkewe yuko kijijini Ngara, naye asijione kuwa ametoka katika shauri hili. Babu yake aliyekwenda Buganda alituma barua mara moja kwa mwaka, ikasomwa na katekista. Yeye ana simu. Fedha ya ada huipeleka kwa simu, na amri ya kura huipeleka kwa simu hiyo hiyo, wakati mwingine katika ujumbe mmoja. Ndugu, ulipojiunga na chama cha wafanyakazi ulikataa mwajiri asikuamrie umchague nani kuwa mwakilishi wako. Je, umekuwa mwajiri nyumbani?

Sasa twafika penye uzito wenyewe, yaani ardhi. Wapo watuambiao kura yatosha na mengine yatafuata yenyewe. Hayakufuata yenyewe. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwapanga warithi katika madaraja, na mabinti wakawekwa daraja la mwisho. Mjane hakuhesabiwa kuwa mrithi maadamu watoto wapo, bali mtu wa kutunzwa na watoto hao. Fikiri basi: serikali hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo, ilimpa mwanamke karatasi ya kumchagua Rais wa nchi, na ikamwambia kwamba shamba alilolilima miaka thelathini si lake.

Mkoa wetu una kesi moja ambayo kila mwanachama yafaa aijue. Mwaka 1988 bibi mmoja wa wilaya ya Muleba, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wasia. Siku ya pili yake mtu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo yapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Tuliosomeshwa Injili twakumbuka mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu mpaka akapewa haki yake. Wa Muleba alimpata kadhi mwenye haki, lakini kwanza ilimbidi apande ngazi zote za mahakama katika uzee wake kwa kosa la kuuza kilicho chake.

Hukumu ile ni ya miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Ikasaidia kuuza, kurithi kukabaki nyuma. Wajane wawili wa Shinyanga, walioondolewa katika nyumba za waume zao kwa sheria ile ya 1963, walishindwa nyumbani wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ihusikayo na kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania kwamba haki zao zimevunjwa. Twauliza: safari hiyo yote ya nini, wakati sheria hutungwa na Bunge, na Bunge huchaguliwa na watu, na nusu ya watu hao ni wanawake? Hapa ndipo tunapoona kwamba kura ya mama katika wilaya hizi ina nguvu ya kumwangusha mtu, lakini bado haijawa na nguvu ya kuandika sheria. Mgombea huogopa kuulizwa pampu. Bado haogopi kuulizwa mirathi, kwa sababu akiulizwa mirathi hadharani wanaume watanung'unika, na yeye anadhani wanaume ndio wengi. Aende akahesabu tena. Katika daftari la wapiga kura la mwaka 2025 walioandikishwa walipita milioni 37, na wanawake walizidi nusu.

Twataja mwaka 2025 kwa uzito. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulifanywa bila chama kikubwa cha upinzani kushiriki, na siku zake zilikuwa za ghasia, za amri ya kutotoka nje, na za vifo vya wananchi. Hatuwezi kuusifu wingi wa wanawake daftarini kana kwamba mambo hayo hayakutokea. Uwezo wa mpiga kura, mume au mke, hupungua mara tu anapokosa mtu wa pili wa kumchagua. Akina mama wa Biharamulo walikuwa na nguvu mwaka 2009 na 2010 kwa sababu wagombea wawili waliwaogopa.

Watu watatujibu kwamba nchi imekuwa na Rais mwanamke tangu tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa baada ya kifo cha John Magufuli, mtu wa Chato aliyeingia Bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Kwamba Anna Makinda alikuwa Spika tangu 2010 hadi 2015. Basi wanawake wanataka nini zaidi? Twajibu kwamba hatuzungumzi juu ya kiti kimoja. Tazama viti vya chini. Kwa jimbo la Ngara, tangu 2005 hadi 2020 walichaguliwa Banyikwa, kisha Ntukamazina, kisha Gashaza, kisha Ruhoro: wote wanaume, nasi hatusemi walikuwa wabaya. Tazama viti maalumu. Mwaka 1985 vilikuwa 15. Mwaka 2015 vilifika 113. Ni jambo jema, tena lililotiliwa nguvu na Katiba. Lakini wema huo umegeuzwa kuwa kisingizio. Mama akichukua fomu ya udiwani wa kata, wazee wa chama humwita pembeni, humwuliza kwa upole, "Binti yetu, mbona unasongamana na ndugu zako huku? Ninyi mna viti vyenu." Mwaka 1995 wanawake waliochaguliwa majimboni nchi nzima walikuwa 8, mwaka 2005 walikuwa 17. Kwa mwendo huo wajukuu wetu watazeeka. Ng'ambo ya mto Kagera, pale pale Rusumo, Rwanda mwaka 2008 ilikuwa nchi ya kwanza duniani yenye wanawake wengi kuliko wanaume katika baraza lake la wabunge. Siasa za jirani ni zake, na si zote tungezitamani. Lakini asiseme mtu kwamba Mwafrika wa milima hii hawezi kukaa chini ya uongozi wa mwanamke bila mbingu kuanguka.

Penye kazi kubwa ni kura za maoni. Mwaka 2010 na 2015 CCM iliwaachia wanachama wake wote wamteue mgombea. Mwaka 2020 kazi ilirudi kwa wajumbe wa mikutano, na sote twakumbuka mizaha iliyotungwa mwaka ule juu ya wajumbe na walioangushwa nao. Wachache walioangalia wajumbe wale ni akina nani. Wengi walikuwa akina mama wa matawi, wale ambao kwa miaka mingi walipewa kazi ya kupika na kuimba mgeni anapowasili. Siku moja waliwekewa karatasi, na wakubwa waliozoea kulakiwa kwa vigelegele wakahesabiwa kura tatu.

Basi kwa matawi ya Ngara na Biharamulo twaomba mambo yafanyike sasa, kabla ya msimu wa kampeni haujamtia kila mtu wazimu. Sheria ya serikali za mitaa yataka wanawake wasipungue robo moja ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 yataka katika baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, wanawake watatu. Katibu wa tawi aende akawaone hao watatu. Asiridhike na majina. Awaulize ni lini waliitwa mara ya mwisho, shauri gani waliliamua, na kama mmoja wao alipata kuandika muhtasari au walitiwa saini tu. Mwenyekiti wa kijiji aache kuitisha mkutano mkuu jioni, saa ya maji na ya kupika, kisha akalalamika kwamba akina mama hawahudhurii; auite saa nane mchana, siku isiyo ya soko. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ambao nne ni za wanawake, orodha yake ibandikwe ukutani kwa majina na kiasi, isibaki mfukoni mwa mtu ikangoja uchaguzi. Na mjane akileta shauri la shamba, asiambiwe arudi na shemeji yake.

Yule bwana wa kura nne naye tuna ombi kwake. Jioni hii afungue sanduku lake, avitoe vile vitambulisho vitatu visivyo na picha yake, ampe kila mtu chake.